Mguu wa Anton

Kila Sixbert aliposema "Breki!", mguu wa Apolinaria ulipiga pedeli mara tatu, chapuchapu, kama anayetwanga kisamvu huku wageni wameshakaa.

"Mama, hicho si kinu," alicheka Sixbert, fundi wa Gongoni aliyekuwa akimfundisha kuendesha. "Gari hili lina ABS. Lenyewe ndilo linaloachia na kukamata. Wewe kanyaga mara moja, ushikilie."

"Anton alikuwa anapampu."

"Marehemu alijifunzia lori la misheni, Mama. Lile usipopampu, tairi zinaganda, unakwenda porini kama gunia."

Miaka ishirini na miwili Apolinaria alikaa kiti cha kushoto, Tabora hadi Urambo, wakifuata asali. Na kila Anton alipopampu, mguu wa mkewe nao ulipampu sakafu tupu. "Ukiacha wewe, hatusimami," Anton alimtania. Sasa kaburi lilikuwa na miezi mitano. Nguo walishagawana ndugu siku ya kuondoa tanga. Gari lilisalia, lakini Jumapili shemeji yake Elieza angekuja kulichukua. "Gari si pambo la ua, shemeji," alikuwa amesema. "Kama huliendeshi, nipe ufunguo."

"Tena," alisema Sixbert. "Na kwenye changarawe litasogea zaidi kabla ya kusimama. Usiogope. Usukani utakutii."

Walikuwa wameipita Kipalapala, mwendo hamsini, ng'ombe alipojitokeza kichakani. Akasimama katikati ya njia, akawatazama kama karani aliyeombwa mhuri saa ya chakula.

"Shikilia!"

Akakanyaga. Pedeli ikatetemeka chini ya unyayo, ikakoroma, na paja zima likataka kuinuka: moja, mbili, tatu. Akalikatalia. Gari likaburuzika mbele, mbele tena. Akapinda usukani kidogo, nalo likafuata. Mkia wa ng'ombe ukapangusa kioo. Wakasimama.

Vumbi likawafikia, likawapita.

"Hapo sasa!" Sixbert alipiga makofi. "Elieza atapanda baiskeli mpaka achakae! Mbona unalia, Mama? Si umeweza?"

"Nimeweza. Nimeacha kupampu, na tumesimama."

"Umeumia mguu?"

Apolinaria akatikisa kichwa. Sixbert akanyoosha mkono, akazima injini. Ng'ombe alikwisha kuvuka zamani. Barabara ilikuwa nyeupe, tupu, hadi macho yalipokoma, na unyayo wake bado ulikuwa umekanyaga.