Ufuko Tuliowaonyesha Wageni

Kwanza mjue kwamba hakuna mtu aliyetunyang'anya ufuko wa Nyakasenga kwa bunduki. Mwanangwa wetu aliwapeleka wageni huko mwenyewe, huku anatabasamu, na wanawake nyuma yake wamewabebea vikapu vya chakula.

Kwetu Uzinza, huku ziwani upande wa Geita, mgeni akishakula hatumwachi akae tu. Mwenye nyumba humchukua akamtembeza, amwonyeshe penye kivuli, penye upepo, penye maji matamu. Ndiyo heshima yenyewe. Mgeni hutazama, husifu, kisha hurudi kwao. Hapo pa kurudi kwao ndipo wale wazungu wa mgodini hawakutuelewa.

Walikuja kupumzika Jumapili moja ya mwaka wa hamsini na moja, waume kwa wake. Mwanangwa Maganga, mkuu wa kijiji chetu, akawatembeza kwa moyo mweupe. Akawaonyesha jiwe pana ambalo juu yake tulianika samaki wetu wadogo, furu, akawaonyesha chemchemi chini ya mikuyu. Mwisho akawateremsha Nyakasenga, kighuba chenye mchanga mweupe na mawe yaliyofunga mdomo wake hata mamba haingii. Wakavua viatu wakapiga kelele kama watoto.

"Wamepapenda!" Maganga alitutangazia jioni ile, uso unang'aa.

Walipapenda kweli. Masika hayajaingia, juu ya jiwe letu pamejengwa banda la kunywea chai, chemchemi imefungwa pampu, na Nyakasenga imezungushiwa seng'enge yenye lango na bawabu. Wakaanza kuja wazungu wa Mwanza, wa kwenye almasi Shinyanga, hata wa Nairobi, wakionyeshwa jiwe, chemchemi na ghuba, naye meneja wa kambi ya mgodi akinyoosha kidole kama kwamba aliviumba yeye. Ghuba akaipa jina la mkewe. Mama mwenyewe hata kuogelea hajui! Nilimwambia Maganga kwamba amegawa nchi kwa adabu, akakaa siku nyingi hanisalimii.

Halafu kaka yangu Donatus akaugua homa, akafa.

Sisi ni Wakatoliki, na padri alimzika vizuri. Lakini msiba huogwa, na padri mwenyewe siku hiyo huwa na safari ya kwenda kigango kingine. Mjane huingizwa ziwani na dada wa marehemu, naye ni mimi, hapo Nyakasenga wanapooshwa wajane wa ukoo wetu wote. Kabla hajaoga hapiki, hali na watu, hamgusi mtoto. Wifi yangu Salvina alikuwa na kabinti kake Tereza, ndiyo kwanza kanajifunza kusimama. Kalikuwa kakimwona mama yake kananyoosha mikono na kulia mpaka sauti inakauka, naye Salvina anageukia ukutani. Nilikuwa nikikabeba nje nikatukana seng'enge, maana mtu wa kumtukana hakuwapo.

Maganga alikwenda kuomba ruhusa. Aliyemtafsiria ni Kalisti, binamu yetu, aliyekuwa akihudumia meza pale kambini na kukijua Kizungu. Meneja alijibu kwamba pale si mahali pa wenyeji. Wenyeji ni sisi! Wengine wakashauri twende ng'ambo ya mawe. Huko mwaka juzi tu mamba alimchukua mama mmoja na ndoo yake.

Siku chache baadaye Kalisti akaja mbio. "Amekubali! Jumamosi, saa kumi jioni."

"Msiba huogwa alfajiri," nikamwambia. "Saa kumi ya nini?"

"Dada Philomena, shukuru basi hata mara moja."

Nikakubali kwa ajili ya Tereza. Jumamosi tukapita langoni, wanawake wote wa ukoo tumevaa kaniki, Salvina katikati ameinamisha kichwa. Ndipo nilipoviona viti. Walikuwa wamevipanga safu mchangani, wazungu wamekaa na vikombe vya chai, kamera zimewaning'inia shingoni. Saa kumi ilikuwa saa ya chai. Baada ya jiwe na chemchemi, sasa walikuwa wameletwa kuonyeshwa sisi.

Nilitaka kugeuka. Salvina akanishika mkono. "Wifi, twende tu. Mtoto ananisubiri."

Tukaingia majini. Wanawake wakamzunguka, wakashikanisha kaniki zao kuwa ukuta. Nikamnyoa, nikammwagia maji kichwani, nikaiacha nguo yake ya msiba ichukuliwe na ziwa. Alilia kilio cha mwisho, akanyamaza, nikamfunga shuka nyeupe. Tulipogeuka kutoka, viti vyote vikapiga makofi. Naapa, laiti ningekuwa na jiwe mkononi.

Meneja akaja na Kalisti, Maganga nyuma yao. Kalisti alitazama chini.

"Bwana anasema ni vizuri sana. Lakini mgeni wa Nairobi alikuwa anabadilisha filamu, hakupata picha. Tena mlimziba. Anaomba mjane aoge tena, ninyi msimame kando. Kila mtu atapewa sukari."

Msiba huogwa mara moja kwa kila maiti. Anayerudia anaita maiti mwingine, na hakuna mtoto wa Uzinza asiyelijua hilo. Na Maganga, wallahi, akafungua mdomo akaanza, "Labda kidogo tu..."

Salvina ndiye aliyemkatiza. Tangu mazishi hakuwa amepaza sauti.

"Kalisti, mwambie bwana sawa, nitaoga tena. Ila huku hatuogi bila maiti. Achague basi nani afe kati ya hao waliokaa kwenye viti, tumzike kwanza."

"Shemeji, nitafukuzwa kazi."

"Sema kama nilivyosema."

Akasema. Mimi Kizungu sikijui, ila niliyaona yale maneno yakipita kiti baada ya kiti. Bibi mmoja alishusha kikombe. Mke wa meneja, mwenye ghuba, alimshika mumewe mkono wa shati. Yule wa Nairobi akaivua kamera shingoni akaifungia mkobani, na kwa mara ya kwanza tangu waje kwetu sikusikia hata mmoja wao akisifu kitu.

Tukatoka. Salvina alitangulia, hakungoja bawabu amfungulie lango. Alipofika nyumbani alimnyakua Tereza, akamweka mgongoni, akapuliza moto. Jioni ile tulikula ugali wake wote pamoja. Kalisti alikuja akala nasi, kazi hana tena.

Nikamwuliza meneja alisema nini tulipoondoka.

"Aliuliza kama ile sukari bado mtaitaka."

"Na kuhusu kaka?"

"Kaka gani?" akajibu Kalisti. "Dada, pale hakuna hata mmoja aliyeuliza nani amekufa."