Nafasi ya Mahoro kwa Masista

Binti yangu Mahoro alipofaulu mtihani wa kuingia sekondari, serikali ilimpa nafasi katika shule ya bweni huko kusini. Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuvurugika. Shule ni ya serikali, lakini wanaoiendesha ni masista. Mimi niliacha shule nikiwa mdogo kwa sababu padri alitaka niitwe Yozefu, na baba akasema mtoto wa Kiislamu wa Biryogo haitwi Yozefu. Nikapelekwa kwenye cherehani. Niko hapo mpaka leo.

Évode, karani wa wizara ninayemshonea suruali, alinicheka.

"Fundi, hayo ya zamani. Siku hizi habatizwi mtu kwa nguvu. Nafasi watu wanaililia, wewe unaipiga teke?"

"Na vita je?"

"Vita viko kaskazini. Binti anakwenda kusini."

Jirani yangu Bigirimana ni mwalimu. Kwake sikusema kama Mahoro amepata nafasi. Kwetu neema haitangazwi kabla haijashikwa mkononi. Nilimuuliza tu habari za shule ya binafsi waliyoanzisha wazazi hapa Nyamirambo. Akaisifu sana: mtoto analala kwao, Ijumaa anaswali, hesabu inafundishwa vizuri.

"Nani anafundisha hesabu?"

"Mimi."

"Wewe si wa serikali?"

"Asubuhi. Mchana niko kwa wazazi."

"Kwa hiyo asubuhi una akili za bure, mchana za kulipia?"

"Akili ni zile zile, fundi. Mchana nazungumza taratibu."

Mama Mahoro akachoka na maswali yangu, akasema nikaone kwa macho. Nikaenda na binti kwa masista. Maabara ipo, vitanda vipo, bustani ya mboga ipo. Sista mkuu, mama mpole, alishika kalamu akamuuliza Mahoro jina la ubatizo.

"Sina. Mahoro linatosha."

"Linatosha," akasema, akaandika. "Misa ya Jumapili utakaa nyuma, usikilize tu."

Angenitukana, ningejua la kufanya. Upole wake ulinichanganya. Nikawa kama namwona baba yangu amesimama mlangoni. Nikasema nafasi apewe mtoto mwingine. Njia nzima Mahoro alinipa mgongo.

Shule zilipofunguliwa nikampeleka shule ya wazazi. Bigirimana alinikuta uani mwa shule. Nilipomwambia nimemkatalia sista, alishika kiuno.

"Kumbe alipata?"

"Alipata. Lakini wewe si ulisema huku ni kuzuri?"

"Ni kuzuri kwa aliyekosa! Wa kwangu yuko kwa masista. Uliniuliza ya binafsi, nikajua binti kakosa. Ningekuvunja moyo?"

Nilikwenda kwenye dirisha la darasa, halina kioo, nikamwona Mahoro ameketi mbele kabisa. Nimtoe, nimpeleke wapi? Nimwache, kwa sababu gani? Akaniona. Akanipungia mkono niondoke, mwalimu asije akageuka.