Watu Wazito Sita

Waraka wa ofisi ya itifaki ulifika kambi ya anga saa nane mchana, na mstari wake wa maana ulikuwa mmoja: "Kesho asubuhi ndege isafirishe watu wazito sita." Koplo wa makaratasi, mtu aliyetii maandishi kuliko alivyotii njaa, aliutafakari kwa uchungu uzito huo wa taifa. Akaandika kwenye fomu ya ndege: kilo mia na hamsini kila mmoja. Kisha akagonga muhuri.

Asubuhi Sajini aliikuta fomu mlangoni mwa bohari ya mizigo, na humo cheo chake kimefutwa kwa mstari wa rula.

Ndege ile ya jeshi, ambayo wiki iliyopita ilibeba matairi na leo imefungwa viti vya kitambaa, ilikuwa inakwenda kutua kwenye kiwanja kifupi cha changarawe. Kilo zilikuwa na kikomo. Wazito sita walizimaliza zote, na Sajini, aliyekuwa msimamizi wa mizigo, akabaki chini na kilo zake hamsini na nane. Alikuwa ameisomea safari hiyo, yake ya kwanza, miezi kumi na moja. Shangazi yake, aliyeipiga pasi sare hadi kola ikaweza kukata mkate, alikwisha kuutangazia mtaa mzima.

"Koplo, mtu mzito ni mkubwa wa serikali. Si gunia."

"Waraka haukufafanua, Afande."

"Basi futa."

"Muhuri ukishagongwa, kinachofuta ni mizani peke yake. Ndiyo kanuni."

Sajini alimtazama, akatabasamu. "Vizuri sana. Njoo tuisukume."

Mizani ya mizigo ikasukumwa hadi mwanzo wa zulia jekundu, ikakaa pale kama mgeni rasmi. Msafara ukaingia. Akashuka kwanza bwana wa itifaki, mwili tele, na nyuma yake Waziri, mtu mwembamba ambaye koti lilimpwaya mabegani.

"Hii ni nini?" aliuliza bwana wa itifaki.

"Mizani, bwana."

"Mheshimiwa hapimwi."

"Kwenye karatasi ameshapimwa. Ana kilo mia na hamsini."

Waziri akasimama. Akaiomba fomu, akaisoma taratibu, kama mtu anayesoma hotuba aliyoandikiwa. Walinzi wakatazama mawingu.

"Nani kasema nina kilo mia na hamsini?"

"Ofisi yako ya itifaki, Mheshimiwa. Wamesema wewe ni mtu mzito."

Waziri akavua viatu bila kuambiwa, akapanda. Mshale ukatikisika, ukatulia kwenye sitini na moja.

"Vaa viatu, Mheshimiwa," alisema Sajini. "Navyo vinasafiri."

Sitini na mbili.

"Andika themanini, binti yangu," Waziri alinong'ona. "Watu wanatazama."

"Hizo kumi na nane zitakuwa za nani, Mheshimiwa? Rubani ataniuliza."

Waziri akacheka hadi tai ikahama. "Haya, andika sitini na mbili. Lakini kwa mwandiko mdogo."

Wengine wakapanga foleni, kila mmoja akivuta tumbo ndani kana kwamba mizani ina macho. Bwana wa itifaki alipanda wa mwisho, na katika sita wale akawa mzito peke yake: mia na kumi na mbili. Koplo alijumlisha mara mbili, akajumlisha tena kwa heshima, kisha akaandika upya, kwa herufi kubwa: SAJINI, KILO 58.

Ndani ya ndege Sajini alikagua mikanda. Alipofika kwa Waziri aliuvuta wake hadi mwisho.

"Unabana," alisema Waziri.

"Wewe ni mwepesi, Mheshimiwa, na kiwanja kina mashimo."

Injini zikanguruma, na Waziri akaushika mkanda kwa mikono miwili.

Wiki iliyofuata waraka mwingine ulifika: "Ndege isafirishe watu wazito wanne, ambao si wazito." Koplo aliusoma, akaushika kwa mikono miwili, akampelekea Sajini.

"Afande, hawa niwaandike ngapi?"

"Sukuma mizani," alisema Sajini.