Mwaliko kwa Mwenze

Asubuhi ya Jumatano, Maître Yuma Nasoro alipotokeza kwenye ngazi za mahakama na bahasha mkononi, wakili mwenzake mmoja aliyekuwa akipanda alisimama, akajipapasa mifuko kana kwamba amesahau kitu, kisha akageuka na kushuka. Yuma hakumwita. Baridi ya Juni ilikuwa kali, na vumbi jekundu lilikuwa limechanganyika na moshi wa kiwanda cha shaba juu ya Lubumbashi.

Kila mmoja alijua kilichomo katika bahasha zile. Chama chao cha mawakili kilikuwa na wanachama ishirini na mmoja, na Yuma alikuwa katibu wake mwaka wa tisa huu. Wiki tatu zilizopita mmoja wao, Mwenze, aliyewatetea wakulima wa Annexe, pembezoni mwa mji, walionyang'anywa mashamba na mkubwa fulani, alichukuliwa ofisini kwake na watu wasiojitambulisha. Tangu siku hiyo hakufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Mwenyekiti aliitisha mkutano Jumamosi, saa nne asubuhi, waamue kama chama kitadai mwenzao apelekwe mahakamani. Kisha mwenyekiti huyo huyo akapanda ndege kwenda Kinshasa kutibiwa, akamwachia Yuma kazi ya kuwahimiza wanachama wafike. Wasipotimia kumi na mmoja, hakuna uamuzi.

Jambo ambalo Yuma hakumwambia mtu ni kwamba yeye mwenyewe aliomba moyoni wasitimie. Tangu mkewe Adija afariki, aliishi peke yake katika nyumba kubwa mtaani Golf. Binti yao, Amida, alikuwa ameolewa mbali, Mitwaba. Alikula na redio ikiwa wazi ili sauti ya mtu isikike ndani, japo redio ya siku zile ilijaa nyimbo za kumsifu Kiongozi tu. Mtu mpweke akipotea, alijiambia, nani atauliza? Kwa hiyo mwaliko aliuandika kwa maneno ya pamba: wanachama wanaombwa kuhudhuria kadiri shughuli zao zitakavyowaruhusu.

Maître Bwalya, aliyesoma naye tangu ujana, aliipokea barua akaisoma kwa kusimama.

"Umeandika vizuri, Yuma," alisema taratibu. "Anayetaka kubaki nyumbani, barua hii imekwisha kumpa ruhusa."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa akishukuru, na shukrani ile ilimchoma Yuma kuliko tusi.

Bahasha ya mwisho ilikuwa ya Mwenze. Kanuni zilitaka kila mwanachama aalikwe, na hakuna aliyekuwa amemfuta. Yuma aliipeleka nyumbani kwake Kamalondo. Mke wa Mwenze, ambaye majirani waliendelea kumwita Albertine ingawa serikali ilikuwa imeyapiga marufuku majina ya Kizungu, aliishika bahasha kwa mikono miwili, akalitazama jina la mumewe.

"Mumemualika yeye pia?"

"Ni mwanachama, mama."

"Angeenda. Hata kama iko mugonjwa, angeenda." Aliigeuza ile bahasha upande wa pili. "Tangu bamukamate, hakuna Maître alifika huku. Wewe ni wa kwanza."

Akamkaribisha mezani. Yuma alijaribu kukataa, lakini binti mkubwa alikuwa amekwisha kuleta maji ya kunawa. Walikula bukari, ule ugali wa huko, na majani ya mihogo, watoto wakigombania nafasi karibu na sahani, na Yuma akagundua kwamba hakuwa amekula na watu tangu arobaini ya Adija. Alipoinuka kuaga, Albertine aliuliza lile alilokuwa ameliogopa:

"Bantu ngapi batakuya?"

Yuma alijisikia akisema, "Mimi nitakuwepo."

Albertine aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kitu kidogo ambacho hakukitegemea.

Alasiri hiyo Yuma alirudi ofisini akaandika barua nyingine, mistari mitatu tu. Mwenzetu amechukuliwa. Njooni Jumamosi. Msipokuja, nitakaa ukumbini peke yangu kuwangoja. Alhamisi na Ijumaa alizipeleka kwa mguu, mlango kwa mlango. Mmoja alimpokelea langoni bila kumkaribisha. Mwingine alieleza kuwa mkewe ni mahututi, na mke huyo akapita nyuma yake na kumsalimu mgeni kwa uchangamfu. Bwalya aliisoma ile mistari mitatu, akafungua dirisha, akatazama nje. Hakuahidi kitu.

Jumamosi saa nne Yuma alikuwa peke yake ukumbini mbele ya viti ishirini. Dakika ishirini baadaye aliingia Maître Chileshe, mkubwa wao kwa umri, akitweta kwa sababu ya ngazi. Wakaja wawili pamoja, kisha mmoja mmoja. Saa sita kasoro robo walikuwa tisa pamoja naye. Bwalya hakuwamo.

Kijana mmoja alipendekeza Mwenze ahesabiwe, kwa kuwa hakukataa kuja. Hakuna aliyecheka.

"Hata tukimhesabu, ni kumi," alisema Chileshe. "Andika ukweli, katibu."

Yuma aliandika kwamba mkutano haukutimia. Kisha akachukua karatasi safi, akaandika lile dai lenyewe kwa mkono wake, akaweka sahihi yake chini. Alieleza kwamba si barua ya chama tena. Ni ya yeyote atakayetia jina lake. Watatu waliinuka wakaondoka, wakiutazama mlango. Watano walitia sahihi.

Jumatatu aliipeleka kwa mwendesha mashtaka. Karani aliisoma, akayahesabu majina kwa ncha ya kalamu, akagonga muhuri wa kupokelewa.

"Sita," alisema. "Basi wengine wako wapi?"

Yuma alijibu kwamba yeye amefika, na kwamba angependa kusubiri jibu. Karani alimwonyesha benchi katika korido ndefu. Lilikuwa benchi la watu wanne au watano, na halikuwa na mtu. Yuma alikaa mwisho kabisa, akausogeza mkoba wake ukutani, ili nafasi iliyobaki iwe wazi kwa wengine.