Sarafu Iliyolipa Nauli

Mkwewe alikwishafika stendi, mtoto mgongoni na kifurushi kichwani, na bibi akamwona vizuri kabisa kutoka kitandani, ingawa macho yake yalikuwa yamekufa miaka mingi.

Hilo halikumshangaza mtu. Wakati mtoto wa jicho akimla bibi taratibu, alilalia mto alimofutika sarafu za zamani za fedha tupu, akiba ya upasuaji. Nuru ikamtoka ikahamia kwenye sarafu, kama unyevu unavyopanda ukutani. Kisha mwanawe, fundi wa kuchomelea vyuma, akaupasua mto. Kwa umbo zilifanana na sarafu za leo, basi akazitumia hivyo hivyo: hii sigara, hii karata. Wenye maduka walizipokea bila kuzitazama. Tangu hapo bibi aliona popote zilipofunuliwa: kidole cha mwenye bucha kikibonyeza mizani, kinyozi akichokonoa meno. Aliona mji mzima isipokuwa chumba chake.

"Niachie moja, mwanangu. Nimwone mjukuu."

"Ukimwona yeye utaniona na mimi," fundi alicheka. "Mama mzima umegeuka kamera! Nani anataka kamera nyumbani kwake?"

Sababu alikuwa nayo. Fundi akirudi kutoka kazini, bibi alisikia kiti kikianguka, kisha mkwe akivuta pumzi kwa meno. Hakupiga kelele hata siku moja.

Asubuhi hiyo mkwe alirudishiwa chenji dukani, akaitambua sarafu moja kwa uzito. Angempelekea mama mkwe, lakini bila hiyo nauli haikutimia. Kwa hiyo pale stendi alimshusha mtoto, akaishika sarafu mbele ya uso wake ili bibi naye apate kumwona. Mtoto akakichekea kitu kile cheupe. Kidevu kilikuwa na kishimo; sikio moja limekunjika kama la marehemu babu yake. Kisha mkwe akajielekezea sarafu mwenyewe, akaweka kidole midomoni.

Fundi aliingia chumbani kwa bibi.

"Wako wapi?"

"Nani?"

"Mama, usinizungushe. Sema, na sarafu ya kwanza nitakayoipata itakaa hapa hapa juu ya mto wako. Utamwangalia mjukuu wako mpaka umchoke."

Uso ule wa mtoto bibi alikuwa ameuona kwa kufumba na kufumbua tu.

"Stendi," alisema. "Basi la bluu. Bado halijajaa."

Fundi alipofika, nauli ilikuwa imeshalipwa. Kondakta alikataa kuirudisha: aliyepanda amelipa, kushuka ni hiari yake. Kutoka kwenye kiganja cha kondakta bibi alimwona mkwe ameng'ang'ania chuma cha kiti, na mwanawe akimbandua vidole kimoja kimoja. Kisha kiganja kikafumba.

Mkono wa mkwe uliovunjika siku ile uliunga, umepinda kidogo. Anampikia mama mkwe, anamnyooshea shuka, hamsemeshi. Fundi bado anachomelea pale pale. Majirani wanausifu upole wake. Kondakta aliipenda ile sarafu, hakuitumia. Huirusha juu akingoja abiria, na kwa hiyo bibi huona paa la basi, mbingu, na migongo ya watu wanaoondoka. Mjukuu hulala naye kitanda kimoja. Bibi humpapasa sikio lililokunjika mpaka usingizi umchukue. Kwa sura, bibi anaambiwa, mtoto anazidi kufanana na baba yake.