Mashine Iliyomwogopa Shemeji

Kompyuta ilipojizima tena, Sindano hakuitazama kompyuta. Aliutazama mlango.

Mumewe alikuwa amesimama kizingitini, tabasamu lake likififia kama la mtu aliyeingia msibani akicheka. Kwenye meza ya Sindano skrini ilikuwa buluu tupu, na yule bibi harusi wa pichani aliyekuwa akimsafisha rangi tangu asubuhi alikuwa amekwenda na maji, yeye na shela lake.

"Haya!" Kaka alipaza sauti kutoka chumba cha kupigia picha. "Barafu kaja, mashine imeganda."

Studio ile ilikuwa ya familia. Mama alikaa kaunta, akikata picha za pasipoti kwa mkasi ambao hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuugusa. Kaka, mtoto wa kwanza, alishika kamera na alishika kauli. Sindano, aliyepewa jina hilo tangu utotoni kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, ndiye aliyekaa kwenye kompyuta akifuta vivuli, akinyoosha tai za watu na kupanga albamu. Mumewe alikuwa fundi wa friji. Karakana yake haikuwa mbali, na kila adhuhuri alikuja kula na mkewe. Kaka hakumpenda tangu siku ya posa, wala hakujisumbua kulificha hilo. Hilo jina la Barafu ni yeye aliyempa.

Balaa lilianza baada ya Kaka kusasisha mfumo wa kompyuta. Mashine ilikuwa imemsumbua muda mrefu, sasisha, sasisha, mpaka akachoka na kubonyeza ndiyo. Ikaamka na sura mpya, inameremeta kama imetoka saluni. Kisha ikaanza kuanguka: skrini ya buluu, maneno mawili matatu ya kuomba radhi, kujizima, kujiwasha.

Sindano hakuwa mtu wa kukimbilia lawama. Alichomoa remu, kile kibao cha kumbukumbu ya mashine, akakisugua meno kwa kifutio cha penseli, akakirudisha. Alifungua ubavu wa mashine akapuliza vumbi. Akabadilisha waya wa umeme, akaondoa programu ya kuzuia virusi, akaweka nyingine. Kila alipomaliza, mashine ilifanya kazi asubuhi nzima bila kukohoa, naye akajipongeza kimoyomoyo. Ikifika adhuhuri, chali.

"Ni joto," alisema.

"Joto gani hilo linalovaa suruali?" Kaka akamjibu.

Mumewe alipokwisha kuondoka siku hiyo, Kaka alikuja akakaa kwenye ukingo wa meza ya Sindano.

"Dada, mimi sijui mambo ya kompyuta, lakini macho ninayo. Akiingia, inakufa. Akitoka, inafufuka. Siku ya mvua alijibanza kwenye benchi lile pale, mashine ikaanguka mpaka nikaionea huruma. Mvua ikakatika, akaenda zake, ikatulia. Unataka ushahidi gani tena?"

"Hajaigusa, Kaka. Tangu balaa lianze, hata kuikaribia hajaikaribia."

"Ndiyo maana namwogopa."

"Mama, unamsikia?"

Mama hakuinua macho. "Lisemwalo lipo, mwanangu. Kama halipo, laja."

"Albamu ya huyu bibi harusi inatakiwa Jumamosi," Kaka akasema, "na mama mkwe wake si mtu wa kuombwa radhi. Mumeo asikanyage tena hapa. Na wewe kaa chini ujiulize, kuna nini anachokitafuta kwetu."

Sindano alimcheka. Lakini lile neno la mwisho lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na jioni, nyumbani, alijikuta akimchunguza mumewe kama mgeni. Mbona ameilaza simu kifudifudi? Siku zote huilaza hivyo, au ameanza juzi? Mbona alicheka kabla ya kusoma ujumbe? Akakumbuka mara zote alizomwachia kiti chake studio, alipoitwa kumbembeleza mtoto aliyegoma kutabasamu mbele ya kamera. Akirudi, humkuta mumewe amekaa pale pale, mtulivu, mikono mapajani.

Mumewe alipokwenda kuoga, simu ilibaki mezani. Sindano alinyoosha mkono, akaurudisha. Mtu unayelala naye kitanda kimoja humpekui, unamuuliza. Ila swali lenyewe lilikuwa bado halijapata mdomo.

Alipotoka bafuni, Sindano alimwambia tu, "Kesho uje kama kawaida."

"Kaka yako amenipiga marufuku. Kanitumia ujumbe, tena kwa herufi kubwa tupu."

"Njoo. Kama ni wewe, nataka niijue hiyo njia. Kama si wewe, nataka wote waone."

Mumewe alimtazama kidogo. "Na wewe unaonaje?"

Sindano alijifanya anakunja nguo.

Siku iliyofuata alimsubiri nje, akamwamuru aache kila kitu kwa fundi cherehani wa jirani: begi la kazi, bisibisi, funguo, saa, simu, mpaka sarafu za mfukoni. Mumewe akaingia mikono mitupu kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa. Kaka alisimama, mikono kifuani. Mkasi wa Mama ulinyamaza.

Mashine iliendelea kunguruma polepole.

"Sogea," Sindano alisema. Mumewe akasogea hadi nyuma ya kiti. Bibi harusi aliendelea kutabasamu kwenye skrini.

"Ngoja kwanza," alisema Kaka. "Inajikausha tu."

Wakangoja. Hakuna kitu.

"Sasa kalete begi," Sindano akamwambia mumewe. Akaleta. Hakuna kitu. Akaleta saa na funguo. Hakuna.

"Kalete simu."

Hapo alisita. Kusita kwenyewe kulikuwa kudogo, lakini Sindano alikuwa mkewe na alikuona. "Simu ya nini tena?"

"Kailete tu, mume wangu."

Alikwenda polepole kuliko alivyokwenda mara zote. Aliporudi hakuwa hata amelifikia benchi. Buluu.

"Nilisema!" Kaka alipiga meza. "Nilisema mimi!"

Sindano aliirudisha simu nje, akangoja mashine iwake, akafungua mahali panapoonyesha vifaa ambavyo kompyuta imeunganishwa navyo kwa bluetooth. Kulikuwa na spika ya Kaka na kipanya. Chini yake kulikuwa na simu, na jina ambalo mwenyewe ameipa: Mume wa Sindano.

"Simu yake na mashine hii zinajuana," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma risiti. "Zilijuana kabla ya sasisho. Akiingia, kompyuta inataka kuisalimu simu. Zamani ilisalimu ikaendelea na kazi. Huu mfumo mpya una kasoro kwenye bluetooth, inajikwaa na kuangusha kila kitu."

"Kwa hiyo ni yeye."

"Kwa hiyo ni sasisho lako, Kaka." Alipaswa kufurahi, lakini hakufurahi. Alimgeukia mumewe. "Ila simu haijiunganishi yenyewe. Kuna mtu alikaa kwenye kiti changu akabonyeza kubali."

"Mwizi kaandika na jina lake!" Kaka alisema, karibu acheke.

Mumewe alitazama sakafu. "Nilichukua picha."

"Za nani?"

"Zako. Yaani, ulizozitengeneza wewe. Nilimwonyesha yule mwenye studio kubwa ya barabara kuu. Nilitaka aione kazi ya mikono yako. Hapa hakuna anayeiona."

Kaka alifungua kinywa.

"Nyamaza wewe," alisema Mama. Alikuwa amerudia kukata ili apate pa kuweka macho, na mkasi ulikuwa umepita katikati ya sikio la mteja.

"Zile si picha zangu," Sindano alisema taratibu. "Ni sura za watu. Wametuachia kwa kutuamini. Kalete simu, zima bluetooth, uzifute moja moja, mbele yangu."

Akaleta. Akafuta. Maharusi, vichanga, wahitimu wenye kofia zao, wote wakaondoka chini ya kidole chake.

"Na mimi ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Basi ningekataa! Kukataa ni kwangu."

Sindano akaifuta simu ya mumewe kutoka kwenye mashine, akaiondoa ile programu mpya ya bluetooth, akaweka ya zamani. Kisha akamwambia awashe simu na akae benchini. Mashine ikakohoa kidogo, ikaendelea. Bibi harusi alirudi, na shela lake.

"Mimi bado simwamini," Kaka alinung'unika, akielekea kwenye kamera yake.

"Hata mimi leo simwamini," Sindano alisema. "Lakini si kwa sababu zako."

Alifanya kazi. Nyuma yake mumewe alikaa bila kujua kama amefukuzwa au amesamehewa. Hatimaye alisimama aondoke.

"Alisemaje?" Sindano aliuliza, macho kwenye skrini.

"Nani?"

"Huyo wa barabara kuu."

Mkasi wa Mama ulisimama.

"Aliuliza kwa nini aliyezitengeneza hakuja mwenyewe."

Sindano alisogeza shela la bibi harusi kwa ncha ya kipanya, kidogo tu, likakaa sawa begani.

"Usimjibu," alisema. "Nitakwenda kumjibu mimi."