Pua ya Marsali

Watu wa kisiwa cha Islay, huko Uskoti, walisema pua ya Marsali MacAffer haidanganyi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mwonjaji wa kiwanda kikubwa cha wiski pale kisiwani. Hakuna pipa lililotoka ghalani kabla hajalinusa yeye. Lakini katika chupa zote alizozipitisha, hata moja haikuandikwa jina lake.

Shamba la shayiri la baba yao alilirithi Una, mdogo wake, kwa kuwa Marsali "ana kazi yake tayari." Una akauza ng'ombe, akanunua mtambo mdogo wa kukeneka wiski, zizi akaligeuza ghala. Miaka mitano baadaye, Jumamosi moja ya Oktoba, akaita watu waje kuonja wiski yake ya kwanza. Marsali alikwenda huku akiomba iwe mbaya.

"Dada, umekuja!" Una alimpokea mlangoni. "Nilidhani utanitupa."

"Nikutupe wapi, na kisiwa chenyewe hiki kidogo?"

Ndani walijaa majirani, na Bwana Rankine, mnunuzi kutoka Glasgow, aliyekuja tayari kuchukua mapipa yote.

"Wiski ya miaka mitano?" alicheka mzee Torkil, jirani yao. "Mimi nina soksi zenye umri mkubwa kuliko hiyo!"

"Na kwa harufu zimeizidi," mkewe akadakia.

Una akachota kutoka pipa lililowahi kubeba mvinyo wa sheri huko Uhispania, akawamiminia wote, nao wakaisifu. Wiski ilitoka nyekundu kama chai ya rangi iliyokolea. Marsali akaingiza pua kwenye glasi. Moshi ulitangulia, ule wa udongo mweusi wa kinamasi unaochomwa kukaushia shayiri, na nyuma yake zabibu kavu, ganda la chungwa, chumvi kidogo. Akaonja. Ukali wa ujana ukampiga ncha ya ulimi, naye akangoja uharibu kila kitu. Haukuharibu. Utamu wa sheri ulikuja taratibu, ukaushika moshi mkono, vikashuka pamoja hadi kooni. Alitafuta kasoro, hakuiona. Akaonja tena, na tena.

Roho ya kwa nini ikamkaba. Kwa nini Una? Nani aliyefundishwa kunusa na baba, kama si yeye?

"Haya, Marsali," alisema Rankine. "Pua inasemaje?"

"Bado mbichi," akajibu. "Moshi mtupu. Iacheni miaka mitano mingine."

Watu walioisifu muda mfupi uliopita wakaanza kuzitazama glasi zao kwa shaka.

"Kweli," Torkil akasema, "hata mimi nilihisi kaubichi fulani."

Rankine akairudisha kalamu mfukoni. "Basi tutaonana ikiiva, Una. Nawahi feri ya saa kumi."

Una alitabasamu mpaka mgeni wa mwisho alipotoka. Kisha akaiinua ndoo ambayo waonjaji hutemea wiski wakishaionja, iliyokuwa miguuni pa dada yake.

"Kavu," alisema. "Umemeza, dada. Yote. Tangu lini wewe ukameza kitu kibichi?"

Marsali akaiweka glasi tupu juu ya pipa.

"Shamba alinipa baba, sikuliomba. Ungenitukana mimi ningevumilia. Umeitukana kazi yangu mbele za watu."

Marsali akachukua baiskeli ya Una iliyoegemea ukutani, akaikanyaga hadi gatini, upepo ukimsukuma pembeni. Alimkuta Rankine ndani ya gari kwenye foleni ya feri, akamgongea kioo.

"Nimesema uongo," alisema akihema. "Ile wiski iko tayari. Mwaka huu sijaonja nzuri kama ile."

"Saa nane mbichi, saa tisa na nusu imeiva? Umeipika njiani?"

"Nilimwonea wivu mdogo wangu."

Rankine akatikisa kichwa. "Sasa nikuamini la kwanza au la pili? Pengine sasa unamwonea huruma." Akapandisha kioo. Foleni ikasogea, gari lake likaingia ndani ya feri.

Marsali alirudi akaeleza yote. Una hakumkumbatia.

"Itabidi niiuze mwenyewe, chupa kwa chupa," alisema. "Kesho ukitoka kanisani uje. Kuna chupa elfu moja nilizokwisha kuzijaza, za kubandika lebo."

"Nitakuja."

"Na uwaambie watu ulichomwambia Rankine."

"Hata Torkil?"

"Hasa Torkil."

Basi Jumapili ile Marsali alisema ukweli kwenye mlango wa kanisa, masikio yakimwaka moto, kisha akaenda ghalani akaketi mbele ya rundo la lebo. Kila moja ilikuwa imeandikwa *Una MacAffer*. Ya kwanza ilimchoma. Kufika ya arobaini akadhani amezoea. Ya mia ikamchoma upya. Alipaka gundi, akabandika, akapitisha kidole gumba juu ya jina la mdogo wake kuondoa mikunjo, akavuta chupa nyingine.